Koki ya Petroli

Sikuuziwa mbuzi kwenye gunia.
Gunia lenyewe lilivuliwa mbele ya macho yangu,
turubai la kufunikia shayiri,
na chini yake Pannonia ya mwaka sitini na mbili,
nyekundu upande mmoja, kwingine kutu,
panya wamezalia ndani ya kiti.
Mjane Etelka akasema, "Inawaka ikitaka."
Kisha, kama mtu aliyeona ameficha kitu:
"Ila yenyewe ilimtaka Dezső tu."

Nikahesabu noti juu ya pipa la kabichi,
nyingine nimezificha kwenye soksi
kwa ajili ya kubishana. Hakubishana.
Aliniongezea mkebe wa skrubu,
plagi sita zilizoviringishwa gazetini,
na chupa ya jemu yenye mstari wa rangi ya kucha:
oili ifike hapa, petroli lita tano.
Kucha zenyewe siku hizi hapaki.

Kaka yangu Bertalan, fundi wa magari ya watu wenye akili,
aliizunguka mara moja, akanusa, akaenda kunawa.
"Injini ya mipigo miwili," akasema,
"mmoja wa kwenda, mmoja wa kujuta."

Tangu hapo barabara ya Kunhegyes naijua kwa miguu.
Kila jiwe la kilomita nimelipa jina la ugonjwa:
hapa plagi ililowa,
hapa waya wa klachi ulikatika, nikauunga kwa uzi wa soseji,
hapa pistoni ilivimba kwa joto ikang'ang'ania,
gurudumu la nyuma likakakamaa,
nami nikapita juu ya usukani, nikatua katikati ya alizeti
za mtu aliyesimama na jembe.
Hakusema neno. Aliniokotea kofia, akaipangusa, akanipa.

Asubuhi napiga teke mpaka arobaini.
Kumi za kwanza ni za adabu. Baada ya hapo:

Waka basi, nimejuta, nimechelewa kazini,
Nimekutia mafuta, nimekufuta vumbini,
Majirani waniteta, wachekea dirishani,
Punda kamba ukivuta, huondoka kivulini!

Halafu inawaka. Kwa upuuzi tu,
nimeshageuka kuifuata baiskeli.
Pe-pe-pe, kimya, pe-pe,
kama mtu anayesimulia kichekesho akisahau katikati,
na moshi wa buluu unaingia kwenye shuka za Bi Jolán
alizozianika sasa hivi.

Lakini kuna jambo ambalo Bertalan hana spana yake.
Kila Jumapili, nikifika lango la kijani la Etelka,
inazima. Hapohapo. Si kabla, si baada,
kama farasi ajuaye zizi.
Yeye hutoka na aproni, mikono ina unga,
wala hanitazami. Huweka kiganja juu ya tangi
kama anayepima homa ya mtoto,
ndipo huniuliza kama nimekula.
Supu ya maharage, mkate, ukimya wa Dezső kwenye kiti cha tatu.
Tukimaliza, teke moja tu, inawaka.

Mwezi wa saba Bertalan alichoka kuniokota barabarani.
Akaifungua yote, akakuta ndani ya kabureta
chembe moja, ndogo kuliko mbegu ya nyanya.
Akaitoa. Akanawa. Akasema imepona.

Na kweli imepona.
Jumapili nilitoka Tiszafüred, nikapita mabwawa,
nikapita alizeti (mwenye jembe akainua mkono),
injini inanguruma bila kikohozi,
na kule mbali lango la kijani likaanza kukua,
na aproni imeshasimama pale,
mkono umekinga macho dhidi ya jua.

Nikainama, kama anayejikuna goti,
nikafunga koki.

Siku hiyo nilifunga mapema mno,
nikaisukuma hatua thelathini.
Siku hizi nafunga penye nguzo ya umeme yenye kiota cha korongo.
Matone yanayobaki
yananitosha kufika.