Mahali pa Besi

Nilitoka zamu ya usiku, macho yamejaa mchanga,
na vikombe vyangu kabatini vikaanza kusengenyana:
ti, ti, ti,
kila mngurumo uliposhuka kutoka kwa Heldur, ghorofa ya juu.
Nikavaa koti juu ya nguo ya kulalia,
nikapanda ngazi na maneno yangu mkononi kama mwiko.

Mlango ukafunguliwa na mtu mwenye vumbi magotini.
Miaka sabini na minane, jirani wa salamu tu,
ambaye theluji ikiigubika Tartu
hufagia hadi mlangoni pangu bila kuombwa.
Maneno yakaninyong'onyea.
"Ingia, Virve. Goti langu limegoma."

Kwenye kiti chake cha kusomea
palikuwa pameketi sanduku jeusi, sabufa,
limetulia kama mgeni aliyekuja kuposa.
Hivi ndivyo yanavyotafutwa makao yake, alinieleza:
uiketishe yenyewe palipo masikio yako,
kisha wewe utambae, ukuta hata ukuta;
utakaposikia ngoma haijavimba wala haijasinyaa,
weka alama. Hapo ndipo kwake.

"Mimi nimefika kwenye rafu ya vitabu tu," akasema,
akanitazama.

Basi nikatambaa,
mimi ninayesikiliza mioyo ya watu kwa mshahara.
Konani besi ilifura kama unga wenye hamira,
nene, tepetepe, haina mifupa.
Chini ya dirisha haikuwapo kabisa: chumba kimeimeza.
Penye pazia ilirudi, lakini imechelewa,
kama mtu anayecheka wenzake wakishanyamaza.

Naye anasimulia juu ya kichwa changu:
Kaur, kijana wa dukani, alivyomsomea wati
kama dalali anayesifu meno ya farasi;
alivyoonyeshwa spika ndefu kumshinda yeye, zinang'aa,
akazikataa. "Zilipiga kelele hata zikinong'ona."
Akachukua hizi ndogo, uso wa kitambaa,
na amplifaya iliyotumika, nzito
kama mtoto anayekataa kubebwa.
Amplifaya lazima ipumue, akasema;
ndiyo maana amekiondoa kile kitambaa cha lesi.
Hakusema ni lesi ya nani.

Nikafika penye cherehani.
Ngoma ikasimama wima.
Kila pigo na ncha yake, kila pigo na kimya chake.
"Hapa," nikasema kutoka sakafuni.

Hakujibu upesi.
Miaka minne cherehani cha Maimu hakijasogezwa hata kidole,
uzi wa bluu bado umo sindanoni.
Sikumwambia sogeza. Hakuniambia nyanyuka.
Kisha akapiga magoti, lililogoma na lisilogoma,
tukaiteremsha sabufa, tukaisukuma chini ya meza ile,
palipokuwa pakikaa miguu yake.

Spika nazo: futi kamba, penseli, alama sakafuni.
Ya kushoto akaigeuza ndani, nusu ya unene wa kidole,
akaketi, akainuka, akaigeuza tena.
Ndipo akatoa santuri: kwaya ya kiwanda cha viatu,
mwaka wa sabini na nne.
"Alto. Safu ya tatu, wa pili kutoka kushoto.
Spika za zamani zilimchanganya na wengine."

Sauti arobaini zikasimama baina ya kabati na dirisha.
"Umemsikia?"
Ningeweza kudanganya; kazini mimi hudanganya vizuri.
"Hapana."
"Hata mimi," akasema, bila huzuni,
akairudisha sindano mwanzo.
"Lakini sikiliza hapa, kabla hawajaimba."

Mkwaruzo wa santuri. Kiti cha mtu kikilalama.
Kisha watu arobaini wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Mmoja wao ni yeye."

Siku hizi saa mbili usiku vikombe vyangu huanza tena.
Nimevitenganisha, kila kimoja na nafasi yake,
visigongane.