Samaki wa Yeni Elfu na Mia Tano

Wiki tisa, alisema Hirokane,
wiki tisa na watu watatu,
na bei ilikuwa imeshachapwa kwenye jalada
kabla ziwa halijapata tone la maji.

Mimi sikuwahi kuvua.
Samaki niliyemfahamu
alilala ubavu kwenye barafu ya duka la kituo cha treni,
jicho lake kama kifungo cha koti la mtu mwingine.
Nikamnunua, kibua wa baharini,
nikampandisha ofisini ghorofa ya nne, pale Sakai,
juu ya karakana ya mnoa visu,
nikampiga picha ubavu huu na ubavu huu
kisha Tazuko akamchoma, tukamla na wali,
mkataba ukiwa kitambaa cha meza.

Samaki wote watano wa ziwa letu ni kibua yule.
Mmoja nilimpaka kijani.
Mmoja nilimvuta mpaka akawa mkunga.
Kambare ni yeye na masharubu.

Maji aliyatafuta Tazuko
kwenye hodhi ya mtaa, saa nne usiku,
kinasa sauti ndani ya mfuko wa plastiki.
Maji aliyavulia nguo, ikambidi ayaoge.
Bibi mmoja mwenye taulo kichwani akamuuliza,
binti, wafanya nini?
Nanasa ziwa, akajibu,
na sauti ya bibi akicheka ingali mle,
upande wa matete, ukiongeza sauti.

Na mvuto je? Samaki huvutaje?
Tulifunga uzi kwenye mwavuli,
nikakaa kitini na mpini mkononi
Doi akashuka ngazi mbio na ncha nyingine.
Doi, pakiti mbili za sigara kwa siku.
Sekunde kumi na moja akaketi, akashika mbavu.
Ndiyo maana samaki wetu huchoka sekunde ya kumi na moja,
wakubwa kwa wadogo.

Wingu ni moja. Ndege hawakuenea kwenye diski.

Usiku wa mwisho nikagundua kosa:
chini ya daraja, mvua ikinyesha,
kuna mmoja asiye na uzito.
Nilisahau kumpa namba.
Anameza ndoana, anavuta,
hachoki, hakati uzi, hatoki.
Nikamwambia Hirokane. Akatazama saa.
Kwa bei hii, akasema, nani atafika darajani?

Kila jalada lilikuwa na kadi ya maoni.
Zilirudi thelathini na mbili.
*Mbaya.* *Mbaya sana.* *Mwanangu amelia.*
Mmoja alichora wingu letu, akaliwekea alama ya kuuliza.
Na moja, kwa kalamu ya risasi,
ya fundi wa mikeka wa Nagahama, Uozumi jina lake:

*Nimevua miaka arobaini.
Maji yenu ni ya bafu, msinidanganye.
Kambare wenu ni kibua.
Lakini yule wa darajani
nilimshika tangu habari za saa moja,
padi ikitetemeka mpaka ganzi ikafika kiwikoni,
mchuzi ukaungua, mke wangu akazima jiko mwenyewe
akakaa kando yangu kutazama.
Naomba msimrekebishe.*

Hatukumrekebisha. Hatukuwa na pesa za kurekebisha chochote.
Masika yaliyofuata, ofisi ikawa ghala la mnoa visu.

Jana, kwenye kapu la duka la mitumba,
kati ya gofu na mchezo wa kufundisha tahajia,
yeni mia na themanini.
Nikalipa kwa sarafu.

Sasa mvua inanyesha ndani ya televisheni,
nje kumekauka.
Daraja lile, nilichora ubao mmoja nikaurudia mara ishirini.
Ameshika.
Nampigia Doi kwa mkono wa kushoto, hapokei,
atakuwa zamu, anapakia masanduku huko Nagoya.
Uzi umekaza. Sekunde ya kumi na moja imepita,
ya sitini imepita,
na yeye bado anashuka ngazi.