Saa Kumi na Nne za Kupoa

Miaka kumi na tisa nimekata vioo vya madirisha,
milimita tatu, milimita tano,
ofisi za Mtumba, vibanda vya Nkuhungu,
kioo cha choo chenye ukungu ili mtu asionekane.
Isomeni mikono yangu: kila kovu lina fremu yake.
Kazi ilikuwa moja tu, kisivunjike.

Kisha Jumamosi moja, Kizota, nyuma ya wafyatua matofali,
Mwalimu Sechelela akanipa chupa ya mvinyo na nyundo.
"Vunja," akasema.
Nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
kama mwanafunzi aliyeambiwa atukane.

Tulikuwa saba: muuza zabibu wa Hombolo,
mtawa aliyevaa miwani ya kuchomelea juu ya kitambaa chake cheupe,
vijana watatu wa chuo, mjane wa Makole asiyesema,
na mimi, fundi, niliyedhani nakijua kioo.

Nilikijua kikiwa baridi.
Sikujua kwamba kwenye nyuzi mia sita na hamsini
kinainamia kalibu kama mtoto aliyesinzia begani;
kwamba kwenye mia nane kinasahau kingo zake,
kinatiririka
(hakitiririki, anasema mwalimu, kinajikusanya)
kama uji unaoelekea kuwa ugali na mpishi hajaamua.

Wala sikujua kuwa vioo vina ukoo.
Kipande cha chupa ya kijani na kipande cha dirisha langu
vililala pamoja tanurini, vikatoka vimeshikana,
nikavibeba nyumbani nikiringa.
Usiku wa tatu, kabatini: ka!
Mke wangu Nyemo akadhani panya.
Kumbe kimoja husinyaa sana, kingine kidogo,
na ndoa yao ilikuwa na ufa tangu harusini.
Nyemo aliniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Mwezi wa pili tukaenda Kikuyu, karakana ya Yoramu Chidawali:
chumba kimoja, bati, tanuri kama jokofu lililolazwa.
Nilitaka kuona sahani zake, zile za rangi ya maji ya bwawa.
Akatuonyesha rafu ya vilivyokufa.
Kila kimoja na karatasi yake: tarehe, nyuzi, sababu.
*Nilifungua mapema. Vumbi. Umeme. Umeme. Sijui.*
Mtawa alisimama mbele ya *Sijui* kwa muda mrefu.

Kijana mmoja akaanza, "Subira yavuta..."
Yoramu akamkatiza:
"Hapa hakuna subira. Kuna saa kumi na nne."

Ikaja zamu yangu.
Mabaki ya madirisha, ndoo nzima,
yale niliyokuwa nikimlipa Chilewa akayatupe korongoni.
Rafu nikaipaka udongo mweupe, mikono minne ya brashi.
Moto wa kwanza ukayaunganisha.
Wa pili ulikuwa wa kuyalegeza yawe bakuli.
Saa tano usiku umeme ukakatika,
mtaa mzima, hadi mbwa wakanyamaza.
Mia sita arobaini na moja, kisha namba zikazimika.

Sikuufungua mlango.
Nilikaa juu ya ndoo tupu, upepo ukirusha mchanga batini,
kiganja karibu na ukuta wa tanuri,
nikilisikia joto likiaga kama shangazi,
ameshasimama, ameshachukua mkoba, bado anaongea.
Nyemo akaleta chai. Akavuta ndoo nyingine.

Kesho yake saa nne lilikuwa bado na joto.
Saa nane, vuguvugu.
Jioni nikafungua.

Upande mmoja ulikuwa umelala kalibuni, laini, wa kijani hafifu.
Upande mwingine bado dirisha.

Nikaandika karatasi: tarehe, 641, umeme.
Niliporudi kutafuta gundi ya kuibandikia
nilikuta Nyemo ameshatia zabibu,
upande ule uliolala, zinajaa ngumi moja tu.
"Zinakaa," akasema. "Usilisogeze."