Dakika ya Arobaini na Saba

Ukumbi una viti mia mbili na kumi.
Waliokaa, nimewahesabu kutoka kibandani kwangu juu,
ni ishirini na tisa,
na watatu kati yao wamekuja na kalamu.
Ni Aprili, Youngstown, na theluji imerudi
kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Kazi yangu ni kurekodi. Nina vipaza sauti vinne,
kahawa iliyopoa, na karatasi:
Odessa Pruitt, saksafoni tenori,
onyesho la shahada ya uzamili,
dakika hamsini na tano, zisizidi.
Jioni, akipanga viti vya wenzake,
aliniuliza kama kibanda changu kina dirisha la nje.
Nikasema kipo kidirisha. Hakuuliza zaidi.

Sasa analamba ulimi wa saksafoni,
kipande cha mwanzi, chembamba kama ukucha,
na masikioni mwangu nasikia yasiyosikika kule chini:
mate, pumzi, kifungo cha shati kikigusa shaba.
Ulimi hauna mfupa.
Huu umebanwa kwa chuma, na bado utasema.

Anaanza na wake mwenyewe, "Boila ya Baba".
Besi inashuka ngazi gizani, ikipapasa ukuta.
Brashi za ngoma zinapangusa unga mezani.
Katikati, noti ikamponyoka, ikalia kama bata.
Kalamu ya kushoto ikaandika.
Odessa akaurudia ule mlio, makusudi,
mara mbili, mara tatu,
mpaka bata akawa wa nyumbani.

Kisha wimbo mkongwe wa mapenzi
ambao kila baa ya mji huu imeuchosha.
Baada yake, karatasi inasema: "Zamu ya Usiku", kwa mama.
Safu ya tatu, kiti cha pembeni, pana skafu tu.
Anaitazama skafu.
Wimbo unafika mwisho, naye haumalizi.
Anapanda tena, mzunguko mwingine,
Lubomir wa besi anainua nyusi, anafuata;
mwingine tena, kinanda kinampisha,
anaipiga saa chenga, anakopa dakika
bila kujua atalipa nini.
Profesa Haldane anakunja mkono wa koti,
anatazama saa,
anaikunjua,
anatazama tena.

Nikageukia kidirisha.
Maegesho meupe. Gari lenye taa moja
likaingia mshazari, likaachwa mshazari.
Mwanamke mwenye sare ya wodini akatoka akikimbia
mbio za mtu aliyesimama saa kumi na mbili.

Siruhusiwi kugusa taa; taa zina mwenyewe.
Nikaigusa ile ya buluu,
nikaishusha, nikaipandisha,
kama kope.

Akaufunga wimbo mkongwe kwa noti mbili,
taratibu, kama mtu anayetoka chumbani
mtoto amepata usingizi.
Mlango wa kweli ukafunguka.
Viatu vya mpira vilivyolowa:
kwii, kwii, kwii,
hadi safu ya tatu.

"Zamu ya Usiku" sina namna ya kuiimba kwa mluzi.
Haina kiitikio. Ina noti ndefu
zinazochungulia vitanda kimoja kimoja,
mashine inayohesabu moyo wa mtu mwingine,
chai ya flaski, saa tisa,
halafu ufunguo unaotafuta tundu alfajiri
na binti anayejifanya amelala
ili asikie vizuri.
Mama hakulia. Alivua viatu,
akaiweka miguu juu ya zulia, wazi,
akasikiliza nayo.

Dakika sitini na moja. Sijui walimpa alama gani.

Leo idara imeniandikia, kwa adabu:
kwenye dakika ya arobaini na saba
kuna kelele za viatu, tafadhali ziondoe.
Inawezekana. Ni kubofya mara moja.
Nimewajibu kwamba mtambo umekataa.