Maji Yasiyopwa

Kitabu ni cha Kiingereza, mimi nakifasiri kwa mdomo:
anemoni hukaa kwenye miamba ya pwani;
maji yakipwa hujikunja, donge jekundu la nyama,
akabana funda moja la chumvi tumboni
mpaka bahari imkumbuke.

Mwaka wa kumi na moja huu nafundisha Katonga.
Sijawahi kumwona.
Ziwa letu halina zamu,
asubuhi lipo, jioni lipo,
linalamba jiwe lile lile.

"Mwalimu, hana ubongo?"
Hana.
"Macho?"
Hana.
"Sasa anajuaje kama maji yatarudi?"
Ni Nyamwiza huyo, dawati la nyuma, sweta linanuka dagaa.
Nikasema tuendelee.

Jumamosi tukashuka maweni, tukageuza moja moja.
Sifongo, kijani, nyembamba kama ukoga wa mtungi.
Konokono wa miiba, utadhani katoroka baharini.
Na kiyavuyavu, sawa na sarafu ya hamsini,
akifumba, akifumbua,
mwanga ukimpita katikati bila hodi.
"Huyu ni binamu yake," nikawaambia,
"yule aliyeachia jiwe."

Nyamwiza hakumtazama.
Alinyoosha kidole mbele zaidi, maji yalipoanza kuwa meusi:
"Pale ndipo jikoni kwetu."

Ziwa halikupanda siku moja.
Lilipanda masika kwa masika,
likachukua kichanja cha dagaa, likachukua choo,
mpapai ukazaa ukiwa umesimama majini.
Majirani walihama na mabati kichwani.
Mama yake akabaki,
akiinua mafiga kwa tofali, tofali juu ya tofali,
miguu imevimba, ugali unaiva.

Kumbe tuna kujaa kwetu.
Saa yake tu ndiyo ndefu,
na kupwa kwake hakuna aliyeahidi.

Mtihani wa muhula, swali la saba:
eleza namna anemoni anavyostahimili maji yanapomwacha.
Nyamwiza alijibu kwa Kiswahili, kinyume cha kanuni,
mstari mmoja:
*Hajui kama yatarudi. Anashika tu.*

Mwongozo wa kusahihisha hauna jibu hilo.
Nikaweka kalamu juu ya karatasi, nikafikiri,
nikachelewa kuiondoa.
Wino ukavuja:
donge dogo jekundu
limeng'ang'ania ukingo.