Alama ya Kidole

Tajiri wa Muhumba alinipa turubai na masharti:
soko la Kadutu, lionekane kutoka juu,
ziwa lichungulie kwa nyuma, na matope yasiwepo.

Siku tatu nilipanda ghorofa ya duka la dawa,
nikasimika ubao barazani,
nikafanya kama mwalimu alivyonifunza:
mbingu theluthi mbili, watu wapate kinachosalia.
Na kwa mbali mtu ni rahisi.
Mguse kwa brashi mara moja, ni kitenge.
Mara mbili, amebeba kitu kichwani.
Mama wa Kabare aliyepanda mlima tangu alfajiri,
kamba ya gunia la makala imemkaza paji la uso,
alinigharimu tone moja la kahawia.
Mabati niliyapaka fedha.
Kelele sikuwa na rangi yake, nikaiacha.

Siku ya nne mvua ya Bukavu, isiyobisha hodi,
ilinishusha mbio, picha mikononi, rangi bado mbichi,
nikajibanza chini ya hema la Nsimire, muuza sambaza.
Alikuwa akipima kwa kopo la nyanya,
kopo lililobonyea kitako, na kila mnunuzi analijua,
na kila mnunuzi analilalamikia, na ananunua.
“Wewe ndiye yule wa juu,” akasema,
“unayetuangalia kama mbuzi wa mnada.
Mimi niko wapi humo?”

Nikamwonyesha: hapa, nyekundu hii,
ndogo kuliko punje ya mtama.
Akainama. Akatazama kwa muda
kama anayehesabu noti zilizochakaa.
“Na mtoto mgongoni?”
Hakuwemo.
“Na deni la Mama Cikuru? Na ushuru
niliolipa mara mbili leo, kwa watu wawili tofauti?”
“Mama, hii ni mandhari tu.”
“Mandhari,” akarudia, akilionja neno
kama muhogo ambao hujui bado ni mchungu au la,
kisha akabandika kidole gumba juu ya mbingu yangu,
pale pale penye samawati niliyoihangaikia siku mbili,
akakandamiza, kama anayetia sahihi.

Mistari ya kidole ilibaki, na gamba moja la samaki.
Nilikuwa na kitambaa mfukoni.
Nilikuwa na mafuta ya taa.
Mvua ikakatika, wateja wakarudi na matope yao,
nami nimesimama, kitambaa mkononi.

Tajiri aliisogeza picha dirishani, akaikagua,
akasifu ziwa.
“Na uchafu huu angani?”
“Ni wingu,” nikasema.
Akakata dola kumi kwa ajili ya wingu.

Sasa imetundikwa sebuleni kwake, juu ya kochi,
na mpishi wake ananiambia kuwa jioni,
jua likipenya pazia,
kinachong’aa kwanza si ziwa.