Mwaka wa Ndoo

Mfaume anatutangulia, kalamu sikioni:
"Huu, wageni wangu, ni ukuta wa matumbawe.
Ile roshani, mbao zake zilivuka bahari."
Shangazi Somoe anamenya ming'oko,
anakusanya maganda kwenye upindo wa kanga,
hasemi kitu.

Tumepanda hadi bomani. Tumeshuka.
Tumeambiwa Mjerumani alilala wapi,
Mhindi alihesabia wapi rupia zake,
na watumwa — hapo Mfaume akapunguza sauti,
bajaji ikapita ikipiga honi.

Kisha nyumba isiyo na paa.
Mkuyu umeota mahali pa dari,
mizizi imekumbatia dirisha.
"Hii mwenyewe hajulikani," akasema kijana,
akafunga daftari.

"Mimi," akasema shangazi.
"Chumba cha nyuma, shilingi arobaini kwa mwezi.
Kwenye msumari ule nilitundika chemli.
Hapa nilimzaa Rukia, masika yamechachamaa,
mkunga kaja maji yako magotini.
Na pale" — akanyoosha kidole chenye pilipili —
"niligombana na mke wa Nandonde, ndoo tu,
hatukusemezana mpaka alipokufa."

Daftari likafunguliwa tena.
"Mwaka gani huo, mama?"
"Mwaka wa ndoo."

Nikamwona anaandika.

Njia nzima kurudi Mtwara
shangazi kageuza shingo nyuma,
si kama mtu anayeuaga mji,
kama aliyeacha nguo kambani
na wingu limeshatanda.